Nilivyompeleka Mama milimani, na magoti yake yakahimili

Mama yangu amevuka miaka 60, na kila alipoona picha ya milima aliuliza lile lile: "Huko mimi nitafika kwa miguu gani?" Goti lake la kulia gegedu imelika. Ngazi za kupanda anaziweza, za kushuka ndizo zinazomtesa. Mimi sina mapumziko ninayoyapenda kama kutembea milimani, na nilitaka naye ayaonje kwa miguu yake mwenyewe, si kwa kuchungulia kupitia dirisha la gari. Tulifanikiwa. Naandika tulivyofanya kwa sababu najua wapo wengi wenye mzazi, mume au mke anayetamani milima lakini ameshajitoa hesabuni.

Kwanza kabisa nilianza kuulizia kushuka kabla ya kupanda. Watu wakipanga safari ya mlima huulizana kilele kina mita ngapi, na mazungumzo huishia hapo. Lakini kupanda huchosha zaidi moyo na mapafu, na hivyo viwili ukivipumzisha hutulia upesi. Kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inakaza huku ikivutwa irefuke, na kila hatua uzito wa mwili hutua juu ya goti lililokunjwa. Tena mtu hushuka akiwa ameshachoka, jua linaelekea kuzama, na akili imeshafika nyumbani. Kwa hiyo kila njia niliyoifikiria niliisoma kuanzia mwisho wake.

Ramani yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ilinisaidia kuliko picha zote nzuri nilizoziona. Mistari ikibanana, ardhi imesimama; ikiachana, ardhi imelala. Nilitafuta njia za mzunguko, zile ambazo hurudi kwa njia tofauti na uliyoendea, kisha nikachagua upande wa kuanzia: tupande penye mistari iliyobanana, tushuke penye mistari iliyoachana. Njia ni ile ile na kilomita ni zile zile, ila kwa mwenye goti bovu ukiizunguka kwa upande huu au ule ni safari mbili tofauti kabisa.

Halafu nilichagua pa kulala. Hapa nina msimamo ambao si kila mpanda milima atakubaliana nao: mwenye mgeni asiyezoea milima asihame kila siku. Atafute sehemu moja nzuri mbavuni mwa mlima, alale hapo usiku kadhaa, na kila asubuhi atoke kwa njia mpya na mzigo mwepesi. Tulilala chini kidogo ya mita 2,500, na nilikuwa na sababu. Kuanzia kimo hicho ndipo watu wengi huanza kupata maradhi ya mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi wa kukatikakatika. Hewa ya juu ina oksijeni kwa uwiano ule ule wa asilimia 21, ila imetawanyika kwa sababu kanieneo ya hewa hupungua kadiri unavyopanda. Ukifika kama mita 5,500, kila pumzi inakupa takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata usawa wa bahari. Wanaolala juu ya mita 3,000 hushauriwa wasipandishe kituo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na wajipe siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Sisi hatukuwa na haja ya kufika huko. Hata hivyo, nilimweleza Mama dalili ambazo hazisubiri: mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema hata akiwa amekaa, hashushwi kesho, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Jambo jingine kuhusu pa kulala, ambalo wengi hawalijui: bondeni kabisa kuna baridi kuliko mbavuni. Usiku hewa iliyopoa huwa nzito, hutiririka kushuka miteremko na kujikusanya chini. Nyumba iliyo juu kidogo ya sakafu ya bonde hupata usiku mpole zaidi, na asubuhi unaamka ukungu ukiwa chini yako. Mama alivutiwa sana na hilo. Alikaa barazani na shuka mabegani akitazama bonde zima likiwa jeupe.

Maandalizi yalianza miezi kadhaa kabla. Daktari alimpima presha, akamtazama goti, akaruhusu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampa zoezi moja ambalo naliheshimu mpaka leo: kusimama kwenye kidato kifupi, kushusha mguu mmoja polepole mpaka kisigino kiguse sakafu, kisha kuurudisha. Cha muhimu ni ile polepole. Misuli inayofunga breki milimani hujengwa kwa kufungishwa breki nyumbani, wala kutembea sana barabara tambarare hakutoshi. Alianza kwa kushika ukuta, baadaye akaacha.

Fimbo za kutembelea tulinunua mbili kwa kila mtu, zile zinazorefushwa na kufupishwa. Nazipigia debe bila kusita. Fimbo moja ni msaada wa usawa tu, mbili ndizo zinazoyapunguzia magoti mzigo kweli. Kwenye tambarare urefu wake unafaa pale kiwiko kinapokunjika mraba. Ukishuka unazirefusha kidogo ili zitangulie kugusa ardhi kabla ya mguu.

Kuhusu muda, nilitumia kanuni ya zamani ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ni hesabu ya mtu mwenye nguvu asiyepumzika, kwa hiyo kwa Mama niliongeza nusu nzima. Njia ya kilomita 8 yenye kupanda mita 400 kwa Naismith ni saa mbili na dakika kama 15. Mimi niliandika saa tatu na nusu, kisha nikaongeza saa moja ya kukaa tu na kutazama. Na kila asubuhi kabla ya kufunga kamba za viatu tulikubaliana saa ya kugeuza. Ikifika, tunageuka, hata kama sehemu tuliyoikusudia inaonekana mbele. Kilele huvuta, na mtu aliyekaribia hufikiri vibaya, ndiyo maana uamuzi huo unafaa kufanywa chini, kichwa kikiwa kimetulia.

Mama alitangulia siku zote. Anayetembea polepole akiwekwa nyuma hutembea kwa mwendo wa wengine, na kila akiwafikia wanapomsubiri, wao wameshapumzika na wanaondoka. Akiwa mbele, mwendo ni wake. Kipimo chetu kilikuwa mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni sawa, akianza kujibu kwa neno moja moja, tunapunguza. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, sikucheleweshi?" Nikamwambia ningependa acheleweshe zaidi. Nilimaanisha hivyo, maana kwa mwendo wake niliona vitu ambavyo milima yote niliyoikimbilia mwanzo sikuwahi kuvitazama.

Mlima kwa kweli ni nchi nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kwa wastani joto hushuka kama nyuzi sita na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kwa kupanda saa chache unapita tabia nchi ambazo kwa usawa wa bahari ungesafiri maelfu ya kilomita kuzifikia. Alexander von Humboldt alilitambua hilo mwaka 1802 akipanda Chimborazo huko Ekwado, akaja kuchora mlima ule na majina ya mimea yakiwa yameandikwa kwenye kimo inapoota. Ukishajua hivyo, hutazami tena msitu kama kijani kimoja. Chini miti ni mirefu na majani mapana. Ukipanda, miti inafupika, majani yanakuwa madogo na magumu, matawi yanaota ndevu za likeni, na hatimaye miti inakata tamaa kabisa na kuiachia nyasi na mawe.

Likeni ndizo zilizomshika Mama. Nilimwambia kwamba kile si mmea mmoja bali ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, mmoja akijenga nyumba na mwingine akipika kwa mwanga wa jua. Zile zinazoning'inia kama ndevu hazivumilii hewa chafu, kwa hiyo ukizikuta zimejaa, vuta pumzi kwa raha zako. Na yale madoa ya rangi kwenye mawe, mengine hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Doa la ukubwa wa kiganja huenda lilianza kabla ya babu zetu kuzaliwa. Baada ya hapo alikuwa akizunguka mawe ili asiyakanyage, hata pale ambapo kuzunguka kulimwongezea hatua. Natamani kila mtu anayechonga jina lake kwenye jiwe la mlimani angejua anachokifuta.

Tulitoka mapema, jua likianza kupanda. Ndege huimba zaidi saa hizo, na pia hali ya hewa ya milimani ina ratiba yake. Jua linapopasha miteremko, hewa hupanda na unyevu wake, mawingu hukusanyika, na mchana ukishasonga ndipo mvua na radi huja. Saa saba mchana tulitaka tuwe tumeshaanza kuteremka. Alasiri moja tulisikia ngurumo tukiwa bado juu ya mgongo wa mlima. Nilihesabu kuanzia mwako hadi sauti. Sauti husafiri kilomita moja kwa kama sekunde tatu, na ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Tuliacha mgongo, tukateremka upande usio wazi, mbali na mti wowote uliosimama peke yake. Mama hakuwa na hofu kwa sababu tulikuwa tumeshazungumza kuhusu hilo usiku uliotangulia. Shingoni alivaa filimbi, na alijua ishara ya kuomba msaada: milio sita kwa dakika, kimya dakika moja, kisha tena sita.

Mavazi nitayapitia haraka. Fulana ya pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukupoza mwilini, kwa hiyo tulivaa sufu nyepesi na vitambaa vya michezo, juu yake vazi la joto, na juu kabisa koti la mvua. Kofia na mafuta ya kukinga jua ni lazima hata kukiwa na ubaridi, maana miale ya jua ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia kumi kila unapopanda mita 1,000, na ngozi haiungui kwa joto la hewa bali kwa miale hiyo.

Sasa kushuka kwenyewe. Kabla ya kuteremka tuliketi, tukala kidogo, tukakaza kamba za viatu upya sehemu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Fimbo zilirefushwa. Hatua fupi, goti likiwa limelegea kidogo, kamwe lisinyooshwe kabisa wakati wa kutua. Penye mteremko mkali Mama alishuka kwa kukata njia, kushoto kisha kulia, bila kutoka nje ya kijia. Penye jiwe refu aligeuka na kushuka kinyumenyume, mikono ikiwa imeshika mwamba, na wala hakuona aibu mbele ya vijana waliotupita. Kila baada ya nusu saa tulisimama kabla goti halijadai. Maumivu yakishaanza, kupumzika hakuyaondoi kirahisi. Yanazuiwa kwa kupumzika mapema.

Siku ya mwisho tulifika mahali ambapo njia ya kileleni inaachana na ya kuzunguka ziwa dogo. Mama alitazama juu kwa muda, akaniambia niende peke yangu, yeye angenisubiri. Nikakataa. Tulizunguka ziwa, tukakaa upande wa pili, na mchana wote ule tukawa tunatazama kivuli cha wingu kikipanda ukuta wa mlima na kushuka.

Goti halikuvimba. Mapaja ndiyo yaliyouma, na yalianza kuuma kesho yake, yakazidi siku iliyofuata, kama ilivyo kawaida ya misuli iliyofanya kazi ya breki. Nilikuwa nimemtahadharisha, hakushtuka. Alitembea taratibu ndani ya nyumba, akajinyoosha, na maumivu yakaondoka yenyewe. Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye kidato chake, kisigino kikishuka polepole, akaniuliza kama ramani ile ninayo bado.