Lile swali la Bibi kuhusu baridi

Jana mchana tulikuwa na changu wa kupaka, Zuhra kama kawaida yake akavamia kichwa (huyu mtoto na vichwa vya samaki sijui kamrithi nani, mama yake hata kukitazama hataki), mara akatema kitu kwenye sahani. Kidude cheupe, kigumu, kinabiringika. Baba hili jiwe? Nikamwambia hiyo ndo lenzi, samaki alikuwa anaonea hapo. Akaigeuza geuza kwa kidole, akasema sasa aliona vipi na ni nyeupe hivi. Nikamwambia ilikuwa angavu kabisa, ni moto wa jikoni ndo umeifanya hivyo. "Ikipoa itarudi?" Mama yake akasema tuleni jamani, mambo ya Michigan yameisha.

Hayajaisha, ndo maana naandika saa hizi.

Wale wa siku nyingi hapa mnajua nilifikaje Michigan, kule Marekani, stori ya viza na mjomba Hamisi sirudii. Maabara yetu kazi yake ilikuwa lenzi ya jicho, siyo jicho zima, lenzi tu. Korido ya pili walikuwepo watu wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na wale walikuwa wanatuangalia hivi kama ndugu waliokuja toka shamba, maana wao ndo walikuwa na mashine za bei mbaya na wageni wa kila wiki. Sisi tulikuwa na mafriji, sentrifuji moja (mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi) inayonguruma mpaka meza inatembea, na harufu ya mboga iliyolala ambayo nilikuja kuizoea mpaka naiona ni harufu ya kazini tu.

Lakini lenzi bwana, ukikaa nayo inakuteka. Haina damu, haina mishipa ya fahamu. Seli zake zikishakomaa zinatupa mpaka kiini chake zenyewe ili mwanga upite bila kuzuiwa, na zikishatupa kiini haziwezi tena kutengeneza protini mpya. Kwa hiyo zile protini za katikati kabisa ya lenzi yako zilitengenezwa ukiwa tumboni kwa mama yako na ndo hizohizo utazikwa nazo. Tabaka jipya linaongezeka nje kila mwaka, la ndani halitoki. Mwaka 2016 kuna watafiti walitumia jambo hili kujua umri wa papa wa Greenland, walipima kaboni iliyomo katikati ya lenzi, wakakuta yule mkubwa wao ana miaka isiyopungua 272. Mia mbili sabini na mbili, na protini ileile ya utotoni.

Haya. Januari 2014, ile baridi iliyoshuka toka ncha ya kaskazini, wanaoishi kule wanaikumbuka, Detroit ilikwenda chini ya nyuzi 20 hasi na vyuo vikafungwa. Vilipofunguliwa nikatumwa machinjio kuchukua macho ya ndama. Ilikuwa machinjio ya halali, wenyewe Wayemeni, na mimi mtu wa Pangani nikiingia na assalaam aleikum yangu nilikuwa napata macho yaliyotolewa vizuri kuliko mtu yeyote pale maabara, hilo lilikuwa linanipa cheo fulani. Nikarudi na kisanduku cha barafu kwenye siti ya abiria, nimekifunga mkanda.

Kupasua jicho la ndama kuna utaratibu wake. Unaondoa kwanza mafuta na misuli inayolizunguka, hiyo ndo kazi inayochosha vidole. Halafu unakata kwa nyuma, siyo mbele, unazungusha mkasi taratibu, nyuma panafunguka na ute mzito unaanza kumwagika, unaacha umwagike. Ukichungulia ndani unakuta ukuta wa nyuma unang'aa bluu na kijani, ng'ombe wanao huo, sisi hatuna, na kila mwanafunzi mgeni lazima aite wenzake waje waone. Kisha unaikuta lenzi imening'inizwa na nyuzi nyembamba sana pande zote, unazikata moja moja. Haishikwi na koleo hata kwa bahati mbaya, kifuko chake kikitoboka umepoteza. Unaiteka na kijiko cha plastiki.

Nikaiteka, na katikati yake ilikuwa nyeupe.

Pembeni angavu, unaona kijiko chini yake, ila katikati kuna doa jeupe la mviringo kabisa. Mtoto wa jicho. Ndama wa miezi michache ana mtoto wa jicho! Na siyo huyo mmoja, niliyoifuata hivyohivyo, nyingine hivyohivyo. Kwenye makala za utafiti nilikuwa nimeshasoma kwamba lenzi za wanyama wachanga zikipoa sana zinafanya weupe, George Benedek wa MIT na wenzake walilichimba hili jambo miaka mingi, lakini kusoma ni kusoma. Mkorea mmoja tuliyekuwa tunakaa naye meza moja akanitazama, akaniambia shika. Nishike vipi? Akanionyesha kiganja chake, hivi.

Nikaivingirisha kwenye kiganja, na glavu, nikakunja vidole kidogo tu. Ilikuwa baridi kiasi cha kuuma. Nikawa naihisi inavyopokea joto langu, inakuwa laini, au nilijidanganya ndo inakuwa laini, sijui. Nilipofungua vidole doa lilikuwa limepungua, kingo zake zinaingia ndani, zinaingia ndani, pale palipokuwa peupe pakawa kama moshi, halafu moshi ukawa nukta, na nukta ikaenda. Sikuona ilipoishia. Chini ya lenzi nikaanza kuona mikunjo ya glavu, mikubwa kuliko ilivyo. Nikaisogeza juu ya lebo ya chupa, herufi zikatokea zimevimba, zinasomeka. Nikairudisha kwenye barafu, ikawa nyeupe. Nikaitoa. Mkorea wa watu alishaenda kula, mimi nipo pale napasha na kupoza.

Sasa lazima niseme, Bibi kipindi hicho alikuwa haoni. Jicho la kushoto lilikuwa linajua mchana na usiku tu, la kulia linajua mtu amesimama mlangoni ila siyo nani. Usiku ule, kwao asubuhi, nikapiga kwa mjomba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu, umeoa huko?"

"Bado Bibi, nakungoja wewe."

"Muongo."

Nikamweleza. Nikamwambia leo nimeshika lenzi ya ndama ina weupe kama wako, nikaipasha na mkono ikasafika. Akanyamaza, nikasikia jogoo huko nyuma na mjomba anamfokea mtu. Akaniuliza weupe wenyewe umetokana na nini. Nikasema baridi. Akasema ahaa, kama mafuta ya nazi ukienda nayo Lushoto. Nikasema hivyohivyo Bibi, umepatia.

"Basi mimi hapa Pangani na joto lote hili, langu mbona haliyeyuki?"

Mjomba alicheka mpaka simu ikakatika.

Nikalipeleka swali kwenye kikao chetu cha Ijumaa, sikusema ni la Bibi, na Prof wetu akaliandika ubaoni na tukabishana mpaka muda ukaisha. Maana ndo lilipo tatizo lote. Za ndama protini zake hazijaharibika, zinajitenga tu kwa baridi, zilizo nyingi upande huu na maji mengi upande ule, mwanga ukipita unatawanyika, ukipasha zinachanganyika upya na hakuna aliyeumia. Za Bibi zimeumia. Jua, oksijeni, umri, zimepinda na kushikana kwa kemia ambayo joto la Pangani haliigusi, na ile protini ya alfa-kristalini ambayo kazi yake ni kuwashika wenzake wasigande, Joseph Horwitz ndo alituonyesha mwaka 1992, pale katikati ya lenzi huwa inaishia ishia binadamu akifika miaka 40 na kitu. Baada ya hapo walinzi hakuna, na kiwanda cha kutengeneza wengine kilishafungwa tumboni.

Mwaka uliofuata ikatoka ile habari ya lanosteroli, matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho kwa mbwa, watu wa nyumbani walinipigia kuliko siku ya harusi yangu. Miaka michache baadaye wengine wakajaribu kwenye lenzi za binadamu, haikurudisha chochote. Hiyo ya pili hakuna aliyenipigia.

Bibi mwenyewe hakungoja. Kambi ya macho ilikuja wilayani, mjomba akamweka kwenye gari, wakamtoa lenzi ya jicho la kulia, halafu wakaweka kipande cha plastiki ndani, kesho yake bandeji ikatolewa. Hiyo plastiki nayo ina mambo, Harold Ridley wa London ndo aliiweka mara ya kwanza mwaka 1949, baada ya kuona marubani wa vita walioingiwa machoni na vipande vya vioo vya ndege, vile vya plastiki, na macho yakavivumilia. Basi Bibi akafunguliwa. Sasa lenzi ya kizee huwa na rangi ya chai, mwenye nayo hajui, na Bibi alikuwa amemsema Mwanaidi, anayemfulia, miaka mingi kwamba hajui kufua, mashuka ya manjano. Alipoona akawaambia watu siku hizi Mwanaidi amejifunza kufua. Pole hakumpa.

Mimi nikapiga kumpa hongera, na nikauliza, ujinga huu, kama waliitunza ile lenzi iliyotoka. Akasema wameitupa, ulitaka uipashe? Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, kama imechukua muda wa kuchemsha mihogo, sisi kule tunatafuta nini.

Nilimpa majibu. Kwamba siyo kila mtu anafikiwa na gari la kambi. Kwamba wengine wakishafanyiwa, kifuko cha nyuma kinaota ukungu tena. Kwamba kuna watoto wanazaliwa nao. Kwamba hata asiye na mtoto wa jicho akifika umri wangu huu lenzi inakataa kukunjuka na anaanza kuisogeza simu mbali, na hakuna aliyetibu hilo. Yote ni kweli na nayaamini, na nikiyasema kwa Bibi yalikuwa yanasikika kama mtu anayetetea mshahara.

Niliacha maabara 2018, sababu ni nyingi, hela ni mojawapo. Bibi nilishamwambia, anajifanya hajasikia, kwa sababu jicho la kushoto mpaka leo hajakubali lipasuliwe. Anasema hilo anatuwekea, tukipata dawa tutaijaribia wapi. Watu wanacheka, na mimi nacheka, ila najua mtoto wa jicho akiiva sana anaweza kupandisha presha ndani ya jicho na hapo inakuwa kesi nyingine kabisa. Nimeshaongea na daktari wa Tanga, katupa siku mwezi wa nane. Mjomba anajua. Bibi tumemwambia tunaenda kwenye arusi.