Siku nilipofunga bia yangu ya kwanza kwenye chupa

Kwanza niondoe utata. Mi nakaa Gongoni, hapahapa Tabora mjini, na nikimwambia mtu kwamba natengeneza pombe nyumbani anaangalia kulia, anaangalia kushoto, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini "kwa hiyo ndo unapika gongo?" Hapana jamani. Ni bia. Bia ya shayiri yenye povu lake, lita 19 tu, ya kunywa mwenyewe na ndugu.

Kupika sitawachosha nako maana hata hakukua kazi. Ndugu yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo akaniletea kopo la rojo la kimea cha shayiri, kilo 1.7, zito jeusi linavutika, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) zimo tayari, na pakti ndogo ya hamira ya bia imewekwa chini ya kifuniko. Nikaliyeyusha kwenye maji ya moto, nikaongeza kilo moja ya asali ya Sikonge (uko Tabora halafu ununue sukari ya kuchachushia, watu watakuonaje), nikajaza maji yaliyochemshwa mpaka lita 20 kwenye pipa la plastiki la lita 30, ikapoa, nikatia hamira, nikafunga. Mwezi wa saba usiku kuna kabaridi kwa hiyo pipa lilikaa chumbani bila shida, likawa linakoroma wiki nzima kama mgeni aliyechoka.

Sasa shughuli ni chupa.

Bibi yangu amepika kangara maisha yake yote, asali, maji, chachu, chungu kikae karibu na moto, siku mbili tatu watu wanakunywa ikiwa bado inachemka yenyewe. Hajawahi kufunga kitu kwenye chupa na sasa naelewa kwa nini. Kangara unainywa ikiwa hai. Bia ya chupa unaifungia ndani ikiwa hai, kisha unalala nayo nyumba moja.

Kwa hiyo usikurupuke. Kuna kipimo cha kioo kinaelea kwenye bia, haidromita, kinaonyesha bia ni nzito kiasi gani kuliko maji, sukari ikipungua namba inashuka. Siku ya kwanza kilisoma 1.040, baada ya wiki mbili kikasoma 1.008, kesho yake 1.008, keshokutwa 1.008. Hapo ndo unajua hamira imemaliza kula sukari. Ukifunga wakati bado inakula, gesi haina pa kutokea na chupa inapasuka. Nilikua najua hili vizuri kabisa, nalisema mapema ili mjue nilikua najua.

Chupa zenyewe kuzipata ni kesi. Nilidhani naenda baa naokota tu, dada wa kaunta akaniangalia akasema "kaka, chupa haziuzwi hizo, zinarudi kwa wakala." Ikabidi nilipe hela ya chupa tupu, nikabeba 36 za nusu lita, zote za kahawia. Rangi ni muhimu, mwanga wa jua ukiingia kwenye bia yenye hopsi inaanza kunuka kicheche, chupa ya kijani au nyeupe haikingi. Nikaziloweka usiku kucha lebo zitoke. Msichukulie poa kuosha, ndani ya chupa moja nilikuta kichungi cha sigara, nyingine ina nzi wawili wamekauka, nikawa nasugua kwa brashi ya chupa ya mtoto huku nimewasha tochi ya simu naangalia kila tundu. Halafu Jiki kidogo kwenye maji baridi, dakika 20, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemka yakapoa. Mpaka hapo ilikua saa saba mchana na sijajaza hata chupa moja.

Ndoo ya kujazia nilikua nayo, ile ya koki tuliyonawia mikono enzi za korona, nani hana? Bahati nzuri nilifungua koki nzima kabla ya kutumia. Ndani kulikua na sabuni imeganda tangu 2020, utelezi wa kijani, aisee. Sabuni inaua povu, na huo utelezi ungechachisha bia yote. Kama na wewe unayo, usiisuuze juujuu, ifungue.

Shemeji akaja kusaidia. Ni fundi magari, mtu mzuri, ila nilipogeuka kuchukua sukari nikakuta ameshachukua mpira msafi niliouchemsha, ameutia kwenye pipa na upande wa pili ameuweka mdomoni anavuta kama ananyonya dizeli kwenye fuso.

"Shem! Mdomo!"

"Sasa itatokaje?"

Inatoka hivi, unaujaza mpira maji safi kwanza, unaziba kwa kidole, unauzamisha, unaachia upande wa chini, bia inafuata maji. Nikauchemsha mpira upya, tukaanza tena, pipa juu ya meza, ndoo chini, taratibu bila kurusha maana bia iliyoiva ikichanganyika na hewa inakuja kuwa na ladha ya boksi lililoloa. Yale machicha ya hamira chini ya pipa tukayaacha.

Sukari ndo roho ya zoezi. Bia kwenye pipa haina gesi ya maana, imepooza, kwa hiyo unairudishia sukari kidogo, hamira iliyobaki inaamka, inaila ndani ya chupa, gesi inakosa njia inaingia kwenye bia. Kidogo ni kidogo kweli, gramu 6 hivi kwa lita. Nilipima gramu 120 kwa mizani ya jirani anayeuza keki, nikachemsha na maji kikombe kimoja, ikapoa, nikaitanguliza kwenye ndoo ili bia ikiingia ijichanganye yenyewe. Shemeji akaiona ile sukari kwenye sufuria akacheka. "Hiyo ndo ya ndoo nzima? Chai ya kwangu ina zaidi ya hiyo." Nikapuuza. Kosa langu.

Kujaza kulikua kutamu, nakiri. Kipande cha mpira kwenye koki kifike mpaka chini ya chupa, unafungua, inapanda bila povu, unaacha nafasi ya vidole viwili juu. Mi najaza, shemeji anabana vizibo kwa kile kimashine cha mikono miwili nilichoagiza Dar kikaja na basi. Vizibo vipya, vya zamani vilivyokwisha kukunjwa na opena havibani. Chupa ya mwisho nikatumia ya soda ya plastiki kwa makusudi, maana unaibonyeza kila siku, ikiwa ngumu kama tairi unajua gesi imeingia na kwenye kioo pia. Hii mbinu nawapa bure.

Tukaweka kreti uvunguni.

Usiku wa siku ya tisa, saa nane hivi, paaa! Mke wangu aliruka akasema majambazi. Nikamulika uvunguni, vioo, bia, harufu ya asali chumba kizima. Asubuhi nampigia shemeji namuuliza taratibu kabisa, kuna kitu ulifanya? Kimya. Halafu "nilitia kijiko kijiko kwenye mbili hivi, nikaona zitapooza." Zipi? "Sikumbuki shem."

Mbili. Imepasuka moja.

Kreti ikahamia bafu la nje, nikaifunika magunia mawili yaliyoloa kupunguza joto, na kila nikiifuata nimevaa jaketi na helmeti ya bodaboda ya mtu. Watoto wa jirani walikua wanakaa ukutani kunisubiri. Baada ya wiki mbili nikafungua ya kwanza, tsss, povu jeupe, bia rangi ya kahawa nyepesi, asali haina utamu tena imebaki harufu tu kwa mbali. Sikuamini kama ni mimi.

Bibi alipokuja mjini kliniki nikamtolea moja ya baridi, nikamwelekeza, unamimina polepole, yale machicha chini unayaacha. Nikaingia ndani kutafuta glasi. Narudi nakuta ameishika shingo anaitikisa kwa nguvu zote, maana kwake yeye machicha ndo pombe yenyewe, unakorogaje kangara usikoroge, na opena anayo mkononi.

Ilifika kwenye singibodi. Mpaka leo sijui kama ile ndo ilikua ya pili ya shemeji au ni kutikisa tu. Bibi amelowa mtandio mzima, anajifuta midomo, anaonja kidole, anaonja tena.

"Mume wangu," akasema, "hii imebaki kidogo. Lete nyingine."