Konokono wa Nyegezi: nimeachana na chumvi

Masika yalipoanza, konokono walinimalizia miche ya mchicha. Jirani akaniambia, "Mama, wamwagie chumvi." Nilimwagia mmoja tu. Alitoa povu, akajikunja taratibu ndani ya gamba, nikashindwa kuendelea. Chumvi humnyonya maji akiwa hai, na udongo nao huharibika.

Sasa, siku zisizo na mvua, namwagilia asubuhi ili usiku tuta liwe kavu. Jioni natandika pembeni gunia lililoloa, chini yake maganda ya papai. Alfajiri nawakuta wamejibanza humo, macho yakichomoza polepole kwenye ncha za pembe. Nawaokota kwa glavu (wengine hubeba minyoo), nawapeleka kwenye lundo la mboji nyuma ya jabali, wale majani yaliyooza. Mchicha umeshika.