Umande Ulionidanganya Kalangala

Nilivuka Ziwa Viktoria kwenda Kalangala, Uganda, kwa feri ya mchana kutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, na juu ya safari hiyo sina la kusimulia isipokuwa kwamba soda ya gatini niliuziwa kwa bei ya hotelini. Nilikaa siku tatu kisiwani Bugala, ulipo mji huo wa Kalangala, nikala sangara, nikalala sana, nikatazama michikichi iliyopandwa mahali ambapo zamani palikuwa na msitu. Ninaloliandika ni la asubuhi moja tu, ile ya kurudi, iliyonigharimu tiketi ya ndege pamoja na kiburi changu cha mtu wa pwani.

Ndege yangu ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa iruke saa tano asubuhi. Feri ya kurudi iling'oa nanga saa mbili na kwenda mwendo wa saa tatu na nusu, kwa hiyo hesabu ilikataa. Jioni nikateremka mwaloni nikakodi boti ya mbao yenye mashine kwa shilingi laki tatu za Uganda, fedha ambazo, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, zingevusha abiria kumi na mizigo yao. Nahodha alikuwa mtu wa makamo aliyejifunzia Kiswahili Mwanza katika biashara ya dagaa. Fedha hazikutugombanisha. Tulichobishania ni saa ya kuondoka.

"Mzee, tungoje jua litoke," aliniambia. "Alfajiri si saa ya kutembea ziwani."

Nilimcheka moyoni. Mimi nimezaliwa Pangani, na marehemu babu yangu alikuwa mvuvi. Kwetu alfajiri ndiyo saa ya kutweka: nchi kavu imepoa usiku kucha, bahari ingali na joto la jana, na upepo mwanana tunaouita umande huteremka kutoka bara ukizisukuma ngalawa mpaka miambani, alasiri matlai, upepo wa kutoka baharini, huzirudisha nyumbani. Nilimweleza hayo yote kwa kirefu, kama mwalimu mbele ya darasa, kisha nikamwongezea elfu hamsini. Alinitazama kidogo, akazikunja noti, akasema, "Haya, saa kumi."

Maneno yangu hayakuwa ya uongo, kwani nchi ya Uganda nayo hupoa usiku kama Pangani. Nilichosahau ni kwamba Pangani ina ufuo mmoja, ilhali ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, limezungukwa na nchi kavu pande zote. Umande wa Entebbe, wa Masaka, wa Bukoba, wa Mwanza na wa Kisumu wote huingia ziwani usiku huo huo, na unapokutana katikati hauna pa kwenda ila juu. Hupanda ukiwa umebeba mvuke wa maji yenye joto la nyuzi 25 hivi, hupoa huko juu, na mawingu hujengeka usiku kucha. Kisha pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wa magharibi, ambao ndio upande tuliokuwa sisi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya ile inayonyesha Mwanza, ingawa zote mbili zinakunywa ziwa moja.

Tulikuwa tumekwenda kama nusu saa nilipoona umeme mbele yetu, usio na sauti, ukiwaka ndani ya wingu kama taa ndani ya chandarua. Umande wangu ulikuwa bado unavuma kutoka nyuma, taratibu, nami nikawa najisifu. Ghafla ukakata. Kwa muda wa kusema bismillahi ziwa lilinyamaza kabisa, halafu upepo wa baridi ukatupiga kutoka omo, yaani mbele ya boti, ukiwa na harufu ya mvua, na mawimbi mafupi yaliyokaribiana yakaanza kutupanda. Mawimbi ya bahari hukupa nafasi ya kuvuta pumzi baina ya moja na la pili, lakini haya hayakutoa nafasi hiyo. Jaketi langu la kuokolea lilikuwa na kifungo kimoja tu, na pale pa kifungo cha pili palifungwa kwa kipande cha wavu.

Kijana wa nahodha alinitupia dumu lililokatwa mdomo, nikaanza kufua maji. Katika hofu ile niligundua jambo ambalo sijalisahau: maji ya ziwa yaliyokuwa yakinifika vifundoni yalikuwa ya vuguvugu, na mvua iliyokuwa ikinipiga shingoni ilikuwa baridi ya kutetemesha. Nayo yalikuwa maji yale yale. Katika kila debe tano za maji yanayoingia Ziwa Viktoria, nne hivi ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na takriban kiasi hicho hicho hurudi angani kwa njia ya mvuke. Kinachotoka Jinja kikaitwa Nile ni masalio tu. Nilikuwa nimeketi kati ya kupanda na kushuka, nikiyatupa nje kwa dumu maji ambayo yangerudi.

Nahodha aligeuza, akatuingiza kwenye kisiwa kidogo chenye vibanda vya mabati. Hapo tulikaa zaidi ya saa tatu. Mama mmoja alituuzia chai ya maziwa na chapati kwa bei maradufu, nami sikuwa na uso wa kulalamika.

Palipokucha niliona miti mikavu imesimama majini, mbali na ufuo. Nahodha akasema hayo ni maji ya 2020, yaliyomeza nyumba na mitumbwi. Mwezi Mei mwaka huo kipimo cha kina cha ziwa pale Jinja kilifika mita 13.42, kikapita kidogo ile rekodi ya 1964. Nami, niliyeshindwa kulijua ziwa, hilo nililijua, kwa sababu chanzo chake kilitoka kwetu. Mnamo 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kawaida upande huu wa Afrika, ikapoa upande wa Sumatra, na hewa yenye mvuke ikamwagika juu ya Afrika Mashariki yote. Ndiyo vuli iliyokata barabara mkoani Tanga. Mwaka 1961 ilitokea vivyo hivyo, na ziwa likapanda zaidi ya mita mbili kabla ya kutulia. Wakati wa kusi, yaani pepo za kutoka kusini, maji baridi hupanda kutoka kilindini kwenye pwani ya Somalia, na maji baridi hayatoi mvuke mwingi. Mjomba wangu hujua hilo kwa kugusa maji tu anapoingia ngalawani, ingawa hajawahi kuliona Ziwa Viktoria wala hajui kwamba joto analolipima kwa kidole ndilo linaloinua maji yanayomeza nyumba za watu ziwani miezi kadhaa baadaye.

Saa nne kasoro feri ikapita kwa mbali, nyeupe, imetulia, abiria wameegemea vyuma vyake wakipunga upepo. Nahodha alitazama anga, akasema sasa pepo zimeachana, twende. Nilimwomba anirudishie zile elfu hamsini za kutoka mapema. Alicheka mpaka akashika tezi ya boti, yaani sehemu yake ya nyuma, kwa mikono miwili, akasema zimekwisha kuwa petroli.

Tulifika Nakiwogo saa sita. Ndege niliiona ikipaa tukiwa bado majini, ikaelekea kusini juu ya vichwa vyetu katika anga safi lisilo na hata wingu moja.