Leo Saadani, tembo na bahari

Nimerejea Bagamoyo jioni hii kutoka Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na viatu bado vimejaa mchanga.

Kwa wasioifahamu, Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo pekee Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi.

Asubuhi tulipanda boti katika Mto Wami, tukapita kati ya mikoko ambamo mdiria walikuwa wakivizia samaki, huku viboko wakituchungulia kwa macho na masikio tu. Mamba mmoja aliteleza majini kabla sijatoa simu mfukoni. (Waliokuwa mbele walimpiga picha, mimi nawaonea wivu hadi sasa.)

Hata hivyo, kilichonishika zaidi kilikuwa ufukweni.

Kwenye mchanga mbichi palikuwa na nyayo za tembo, kila moja pana kama sinia, zikishuka hadi maji yanapoishia kisha zikarudi vichakani. Ndani ya unyayo mmoja maji ya bahari yalikuwa yametuama, na kaa mdogo mweupe alikuwa akichimba shimo lake kwenye mkunjo wa kisigino.

Tembo wenyewe hatukuwaona, nami sikusikitika.

Msitu wa Zaraninge, wenye mbega, haukupata nafasi. Siku moja haitoshi, msidanganywe na wauza safari.

Ndugu zangu mliowahi kufika, je, kuna aliyemkuta tembo pale ufukweni? Tuwekeeni picha hapa chini.