Bijana ya Lubumbashi banasomaka, ni etajeri njo tunabanyima

Kila fasi yenye napita hapa Lushi nasikia maneno moja: bijana ya leo habapendi kusoma, beko paka na telefone, bitabu ilishakufa. Bazazi banasema vile, balimu banasema vile, hata bijana benyewe beko naanza kuisema sababu baliisikia mara mingi sana. Mimi nakatala. Nasaidiaka siku ya posho (samedi) mu biblioteke moja kidogo ya kartie, upande ya Katuba, na vile naonaka pale haifanane na ile maneno hata kidogo. Batoto ya miaka 13, 15, 17 banasomaka kutoka asubuyi mpaka butu: mamesaje ya watsap yenye haiishe, maneno ya nyimbo, matokeo ya timu ya mupira Mazembe na Lupopo na matusi yenye inafwataka chini, bahadisi ya faisibuku yenye inakuyaka bipande bipande na banangojea kipande ingine hata butu ya manane. Ile yote ni kusoma. Kenye inakosekana ni kitabu yenye mutoto alichagua yeye mwenyewe, alitosha na mukono yake mu etajeri, bila mutu kumuambia hii itakusaidia ku masomo.

Tuseme ukweli. Biblioteke hapa kwetu tunaijua kama fasi ya kutayarisha egzame, basi. Uende mediateke ya Halle de l'Étoile kwa muji, uende biblioteke ya UNILU, universite ya hapa, uende kwa maparokia yenye iko na sale ya bitabu, bijana bengi benye utakuta ni bale ya siziem, mwaka ya mwisho ya segondere, beko natayarisha Exetat, egzame ya Leta, ao mutoto mwalimu alimutuma atafute ekspoze na iko ananakili ukurasa muzima mu kaye bila kujua inasema nini. Sibalaumu, hata kidogo. Mu mashule mingi kitabu iko moja, ya mwalimu, batoto banapata paka ile yenye iliandikwa ku tablo, njo maana wakati mutoto anafika fasi yenye iko na bitabu anafanya ile kazi anajua, anaandika. Lakini angalieni mwezi wa saba. Exetat inaisha, mashule inafunga, na sale inabakia butupu. Miezi mbili ya konje, mutoto eko na wakati yenye hatakuwa nayo tena mwaka muzima, na ni wakati ule ule njo tunapunguza masaa ya kufungula juu eti batoto habakuye. Habakuye juu hatukubaitia kitu! Kama kwa miezi kumi ulimuonyesha mutoto kama hapa ni fasi ya mateso ya egzame, atakuya kufanya nini mu konje?

Bingine iko mu namna ya kupanga bitabu. Biblioteke mingi zenye nilipitia hapa, bitabu iko nyuma ya meza ao mu kabati ya kufunga na ufunguo. Unafika, unajaza fishi, unaandika jina ya kitabu yenye unataka, halafu wanakuletea. Sasa kijana ya miaka 14 atajua namna gani jina ya kitabu yenye hajaonaka? Anasimama pale, anaangalia chini, anasema "nataka kitabu ya fizike" juu ile njo jina anajua, na anarudia kwabo na kitabu ya fizike. Sisi tulifungula kabati. Tulitosha bitabu ya bijana tukaweka mu etajeri yabo, mbali na bitabu ya mapicha ya batoto badogo juu kijana hatakubali bamuone pale, na mbali pia na ile mabuku ya sheria yenye inaogopesha. Bale ba komite balisema batoto bataiba. Kuko bitabu yenye haikurudia, ni kweli, na nasema wazi kabisa mbele ya kila mutu: kitabu yenye ilipotea mu nyumba fulani ya Katuba na inasomwa pale na batoto ine, kwangu iko na mafaa kupita ile yenye iko salama mu kabati na vumbi.

Na franga ya garanti. Hiyi inaniumiza. Mutoto mwenye mama yake anauzisha mboga ku barabara hawezi kuacha garanti juu ya kubeba kitabu moja ya kurasa 90. UNESCO iko na Manifesto juu ya biblioteke ya watu wote, ya kwanza ilitoka 1949, ile ya 1994 inasema kama biblioteke ya watu wote inapashwa kuwa ya bule, na ya 2022 ilirudilia vile vile. Sisi tulitosha garanti kwa bijana, tukaomba paka muzazi ao kaka mukubwa akuye mara moja aandike jina yake. Bazazi balikuya. Tena bengine balibakia kuangalia bitabu.

Kuko ndugu bananiambia haya mambo ya bijana ni ya bazungu, kwetu haiwezekani. Basi nibapashe habari ya Margaret Edwards. Ni mwanamuke Mumarekani, alitumika mu biblioteke ya Enoch Pratt, kule Baltimore, tangu miaka ya 1930, na kazi yake yote ilikuwa bijana. Mu miaka ya 1940, kwa sababu aliona batu ya makartie ya masikini habafike mu biblioteke, alichukua gari ya kukokotwa na farasi akaijaza bitabu akaenda nayo kwabo, barabara kwa barabara. Farasi! Haikuwa mashini ya franga mingi. Mbele yake, 1919, biblioteke ya New York ilishampa Mabel Williams kazi ya kuangalia bijana peke yabo, na kwa ile wakati hata kule bengi balikuwa banafikiri mutoto akimaliza bitabu ya badogo anaruka moja kwa moja mu ya bakubwa. Kwa hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, balipigania. Na hapa kwetu pusupusu iko, ile inabebaka makala na mifuko ya unga kutwa nzima. Kila wakati naona moja inapita butupu nafikiri: weka mbao mbili pale juu, panga bitabu, zunguka makomine ya Katuba na Kenya mu konje. Niko nasema kweli, tuko tunaongea na kijana moja mwenye iko na yake.

Sasa nikuye ku ile napenda zaidi, mambo tunafanya siku ya posho. Saa ya kwanza ni ya kusoma kimya, kila mutu na yake. Ya pili ni ya kelele. Mutu mwenye aliwekaka sheria ya kama biblioteke ni kimya tu hakufikiri juu ya bijana, kijana akisoma kitu yenye imemugusa inapashwa kutoka, kama haitoke anaacha. Tunasoma sauti ya juu, tunabishana, kitabu inaweza kuwa ya Kifaransa lakini mabishano ni Kiswahili yetu, na pale njo nilionaka batoto benye ku masomo bananyamaza mwaka muzima juu ya kuogopa kukosea Kifaransa, hapa banasimama na banaongea mpaka unabaomba baachie bengine nafasi.

Tulisomaka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka Tanzania mu 1971 na kwa wakati fulani ilikatazwa mu mashule ya kule. Nilipata kopi moja, ilichoka, tukaisoma pamoja kidogo kidogo. Kwanza batoto balicheka juu ya Kiswahili sanifu, ile ya redio, lakini kiisha kurasa chache habakucheka tena. Ni habari ya binti, baba yake ni mukali sana, anamupiga juu kijana alimuandikia barua, halafu wakati binti anaenda kusoma mbali, hana tena mutu wa kumuangalia na maisha yake inaharibika mpaka mwisho mubaya kabisa. Nilibaambia tangu mwanzo kama mwisho ni nzito, tukaiongelea polepole, mama moja muuguzi alikaa na sisi ile siku. Lakini mabishano! Dada moja alisema baba njo alimuua. Kijana moja akasema hapana, yeye mwenyewe alichagua. Dada akamuuliza: "Wewe ku nyumba unachaguaka nini? Unatumwaka maji?" Sale nzima ilipasuka. Tuliendelea na ile swali posho mingi, na bazazi balianza kuuliza ni kitabu gani ile batoto banaongeleaka usiku. Baba moja alikuya mukali, eti tunafundisha batoto kuzarau bazazi. Nilimupa kitabu, nikamuomba kwa heshima aisome. Alirudisha, hakusema mingi, lakini binti yake anaendelea kukuya.

Na siwalazimishe kumaliza kitabu. Mwalimu na mwandishi Mufaransa Daniel Pennac mu 1992 aliandika haki kumi ya musomaji, kati yake ni haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza, haki ya kusoma kitu yoyote. Mara ya kwanza nilibasomea ile liste bijana baliniangalia kama nimebadanganya. Kuko moja alikuwa na kitabu ku nyumba wiki mingi, aliogopa kuirudisha juu alifika paka katikati. Tangu ile siku anabeba, anaacha, anabeba ingine, na sasa yeye njo anajua etajeri kupita mimi. Bede pia, zile hadisi za kuchorwa, usiniambie bede ni ya kuchezea. Tuko na za Barly Baruti, mutu ya Kisangani, kurasa zinakatika juu ya mikono. Kijana anaanza na bede, anauliza ni nani aliandika, ingine iko wapi, na pale ameshakuwa musomaji.

Lakini kitu yenye iliwasha moto kupita yote ni ya hapa hapa. Mu 1965 André Yav aliandika, kwa jina ya chama ya baboi ya zamani ya Elisabethville, historia ya muji huu, kwa Kiswahili ya hapa, ile tunaongea, si ile ya Dar. Ni batu benye balipikiaka bazungu, balifuaka nguo yabo, njo banasimulia vile muji ilianza na vile balibatendeaka. Johannes Fabian, profesere ya antropolojia, aliitoa mu kitabu 1990, na iko pia bule ku intaneti, njo fasi sisi tulipata, rafiki moja akatupigia imprime. Nilisoma kurasa mbili sauti ya juu, kijana moja akasema "kumbe banaweza kuandika vile tunasema?" Eeh, baliandika, mbele hata muji haijaitwa Lubumbashi, juu jina ilibadilika 1966. Nikabaambia tena kama V.Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mu 1941, na Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapa Lushi 1981, na bitabu yabo inasomwa dunia nzima. Baliandika majina mu kaye bila mutu kubatuma.

Kiisha pale tuliomba kila mutu aende kuuliza tate ao bibi yake kwabo: ulifika hapa namna gani, ulitumika wapi, kambi ya batumikaji ilikuwa namna gani. Si kitu mupya, baprofesere ya UNILU balianza mu 2000 kukusanya masimulizi ya batu ya muji mu projet yabo ya Mémoires de Lubumbashi, lakini hapa ni batoto njo balishika biki. Wakarudia na mambo! Tate mwenye alianza kazi ku Union Minière, kampani ya migodi ya wakati ya bazungu, akiwa kijana kabisa. Bibi mwenye alifika na treni kutoka Kasai na sanduku moja. Baba ya moja alikuwa kati ya bale zaidi ya 10 000 benye balitoka Gécamines, kampani ya migodi ya Leta, mu 2003 na ile départs volontaires, kuacha kazi eti kwa kupenda, na mutoto alisema baba hakuongeleaka ile kitu mbele yake hata mara moja, mpaka alimuuliza juu ya biblioteke. Tulishona zile makaye na uzi, tukaandika jina mbele, tukaweka mu etajeri pamoja na bitabu ingine. Njo zinabebwa kupita zote. Batu bakubwa banakuya kuomba kusoma kaye ya mutoto wa jirani.

Kuko shida yenye hatujamaliza, na ni ya mabinti. Asubuyi ya posho ni maji, ni kufua, ni kuangalia badogo, kijana anatoka tu, binti anabakia. Tulihamisha saa, tukasema akuye na mudogo wake mugongoni kama inaomba, tukaweka mukeka na bitabu ya mapicha pembeni. Inasaidia, haitoshi. Kama uko muzazi na unasoma hapa, nakuomba, mupe binti masaa mbili mu wiki. Masaa mbili tu, maji iteke na kaka yake.

Kuran ya umeme nayo ni ile munajua, SNEL, kampani yenye inaileta, ikikata tunavuta meza ku mulango juu ya mwangaza.

Konje iko karibu na safari hii hatutafunga. Posho tatu za kwanza ni za kaye ya masimulizi, zenye kufwata ni teatre, bijana benyewe balichagua kipande na habataki niwaambie ni gani. Kama uko na bede ya zamani mu karto, romani, kitabu yoyote ya Kiswahili, ya Nairobi, ya Dar, ya hapa, hata kama jalada ilitoka, leta. Bitabu ya matematike na ya sheria tuko nayo ya kutosha. Na kama tate yako eko na hadisi ya kambi na angali na nguvu ya kuongea, mulete pia, tutamupa kiti ya mbele, bijana beko na maswali mingi.