Nilivyojiandaa kunyonyesha kabla ya opareshini ya kupangwa, na maziwa yalitoka

Daktari aliposema mtoto katanguliza matako na hageuki tena, akanipangia tarehe ya opareshini, nikajua nitapewa pole mbili tatu yaishe. Wapi! Kila niliyemwambia alikuwa na ushauri na karibu wote ulikuwa ule ule, eti ukizaa kwa kisu maziwa hayatoki, nunua maziwa ya kopo mapema. Wifi yangu mmoja akaenda mbali zaidi, akasema kama hujasukuma mwili haujui kama umezaa. Nilikasirika na mpaka leo nimekasirika, maana kuna wadada wanayaamini haya maneno na wanakata tamaa hata mtoto hajawekwa titini.

Ukweli ni kwamba kusukuma hakuhusiani kabisa na maziwa. Mkunga wa kliniki alinieleza nikaelewa: dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, inaanza kutengenezwa toka mimba iko katikati, halafu kondo la nyuma likishatoka homoni iliyokuwa inayazuia maziwa yasiwe mengi inashuka ghafla, prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, inapata nafasi ya kufanya kazi yake, na mtoto kadri anavyonyonya ndo inazidi kupanda. Sasa kondo si linatoka hata ukipasuliwa? Ni kweli kwa sisi wa opareshini maziwa mengi yanaweza kuchelewa kidogo, kawaida yanashuka kati ya siku ya 2 na ya 4 na kwetu yanaweza kusogea mbele, lakini sababu kubwa ni maumivu, uchovu, na mtoto kukaa mbali na mama masaa mengi. Yani vitu ambavyo ukiwa na tarehe mkononi unaweza kuvipanga. Mi nikavipanga.

La kwanza ambalo najivunia hadi kesho ni kukamua dang'a kabla sijajifungua. Hili usilifanye kichwa kichwa, muulize kwanza daktari au mkunga, kwa sababu kuchezea chuchu kunaweza kuamsha uchungu, na kama kondo limekaa chini, una historia ya kuzaa njiti au umeshonwa mlango wa kizazi utakatazwa. Mi niliruhusiwa kuanza wiki ya 37. Nilikuwa naoga maji ya moto, nakaa kitandani nikiwa nimetulia, naweka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya titi, nyuma kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu, nasukuma kuelekea kifuani, nabana, naachia. Sio kuvuta chuchu! Ukivuta utaumia bure. Mwanzo hakikutoka kitu kabisa, ikafuata kama jasho la njano, baadaye tone, na tone lile nilivyoliona nilimwita mume wangu aje aone, akakimbia na bomba dogo la sindano lisilo na sindano tukalinyonya tone letu kwa heshima zote. Tukaendelea hivo hivo kila siku, naandika tarehe, naweka friza. Kuna siku hutoka robo ya kijiko tu na watu watakucheka, waache wacheke. Mtoto mchanga kabisa tumbo lake ni dogo mno, mlo mmoja wa siku ya kwanza ni kama kijiko cha chai, kwa hiyo hizo bomba zangu zilikuwa milo kweli kweli. Na hata kama hakitoki kitu haimaanishi hutakuwa na maziwa, ila mkono wako unakuwa umeshajua kazi.

La pili, nilienda kuongea na watu wa hospitali kabla ya siku yenyewe. Niliandika kwenye karatasi: kama mimi na mtoto tuko salama naomba awekwe kifuani kwangu ngozi kwa ngozi mle mle chumba cha upasuaji, kumpima uzito kusubiri, kanula, kile kimpira cha kupitishia dripu, iwekwe mkono nisioutumia sana, na vile vinata vya kupima moyo vibandikwe pembeni ili kifua kibaki wazi. Sindano ya ganzi ya mgongoni inakuacha macho na akili zako timamu, hakuna sababu ya kulala tu unaangalia taa. Mmoja akaniambia hapa hatuna huo utaratibu, nikamjibu kwa adabu kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 ya kwanza, haijasema isipokuwa waliopasuliwa. Wakaniwekea. Mume wangu alikaa kichwani kwangu akimshikilia mtoto asiteleze na kuhakikisha pua iko wazi, na bado wananishona yule mtoto akaanza kutafuta titi mwenyewe. Nililia jamani.

Wodini ndo kulikuwa na kazi. Ganzi imeisha, nesi anakazana, "Mama kaa wima umpakate," nikakaa, mtoto akatua juu ya kidonda, nikaona nyota. Tukajaribu tena na mto katikati, miguu yake ikawa inapiga pale pale, mi naumia, yeye analia, titi linachomoka mdomoni. Nikamwambia, "Dada, naomba unisaidie kitu kingine." Nyumbani nilikuwa nimeshajizoeza na taulo lililokunjwa: unamweka mtoto ubavuni, miguu inapita chini ya kwapa kuelekea mgongoni kwako kama umebana mkoba, kichwa chake kwenye kiganja, mito imepangwa pembeni mpaka afike usawa wa titi. Tumbo haliguswi kabisa! Akafungua mdomo mkubwa, kidevu kikazama kwenye titi, akashika sawa sawa. Yule nesi akaenda kumwita mwenzake aje aangalie, na nikasikia kesho yake anamwelekeza mama wa kitanda cha jirani vile vile. Usiku nilikuwa nanyonyesha nimelala ubavu, nyuma ya mgongo nimewekewa mto, na kuna mtu macho wa kumbadilisha upande na kumrudisha kwenye kitanda chake nikisinzia.

Dawa za maumivu kunywa kwa saa zake dada, usijikaze. Parasetamo na ibuprofeni zinakubaliana na kunyonyesha, kodeini ndo ya kuikwepa. Ukijikaza hutakaa vizuri na mtoto hatashika vizuri. Na usishtuke tumbo likikukata wakati ananyonya, hiyo ni homoni ya oksitosini, inashusha maziwa na kubana kizazi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni dripu. Yale maji yote yanaingia na kwenye matiti, yakakaza mpaka chuchu ikawa bapa na mtoto hapati pa kushika. Mkunga akanionyesha kubonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu, taratibu kuelekea kifuani, dakika moja hivi bila kuachia, weusi unalainika na hapo hapo unampa. Dripu hizo hizo pia zinaweza kumwongezea mtoto uzito wa maji wakati anazaliwa, ndo maana akipungua siku za mwanzo wasikukimbizie kopo kabla hawajaangalia nepi. Kupungua kidogo ni kawaida, ikipita asilimia 10 hapo ufuatiliaji ni lazima. Mi nilikuwa nanyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo, na kuanzia siku ya 5 nilikuwa nataka kuona nepi 6 nzito za mkojo na kinyesi kimeshatoka kwenye weusi kimekuwa cha njano. Zikiwa pungufu, au mtoto analala tu hataki kuamka kunyonya, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na kama wamempeleka chumba cha watoto wachanga usikae unasubiri arudi, anza kukamua kwa mkono ndani ya masaa ya mwanzo na urudie kila masaa mawili matatu, wampelekee hiyo dang'a huko huko aliko.